Nguo Zilizobaki Juu

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi! Siyo sare za shule safari hii. Mgodini.

Yule mhifadhi wa mambo ya kale aliyetumwa na idara alikuja mwenyewe dukani kwangu. Akakaa kwenye kile kiti kibovu kabla sijamwonya — chupuchupu aanguke! Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikampenda palepale. Anataka fundi wa nguo mwenye mkono mwepesi, kwa wiki mbili. Mgodi wa fedha unafunguliwa tena. Si kuchimbwa — kutazamwa. Watu walipe kiingilio waone baba zao walipovunjikia migongo. Mume wangu anasema hiyo ndiyo historia. Yeye ni mwalimu wa somo hilo, hakosi jibu.

Miaka kumi na tisa tangu niolewe mji huu, sijawahi kuvuka lile geti. Leo nimevuka. Kinu cha kusaga mawe. Tanuru. Nyumba ya pampu. Ofisi ya karani. Katikati, mnara wa chuma uliokuwa unawashusha watu chini. Mdomo wa shimo umezibwa kwa zege. Mhifadhi anaeleza huku anatembea kinyumenyume, macho yanamng'aa: reli ilianzia hapa, taa ya kwanza ya umeme iliwaka hapa, sarafu za zamani zilitokana na mawe ya hapa. Bila shimo hili, anasema, mji usingekuwepo. Nikamwambia: mgodi wa fedha, na hakuna hapa aliyebaki na fedha. Akaandika kwenye daftari lake!

Halafu akanipeleka Nguoni. Ndivyo wachimbaji walivyopaita. Jumba refu kama ghala, dari iko juu kabisa. Hamna makabati. Kila mtu alikuwa na mnyororo wake na ndoano yake. Unavua nguo za nyumbani, unazitundika, unavuta, zinapanda mpaka darini, mbali na unyevu na mikono ya watu. Mnyororo unaufunga ukutani kwa kufuli, penye namba yako. Unavaa ovaroli, unashuka shimoni. Ukitoka, unashusha nguo zako, unakwenda kwako.

Ndoano mia tatu. Karibu zote ziko chini, tupu. Lakini upande wa nyuma, juu darini — makoti, mashati, suruali. Yana mabega. Chini yake viatu vimefungwa kwa kamba. Nilidhani watu. Haki ya Mungu, nilidhani watu!

Zimekaa hapo miaka arobaini na moja. Mlango ulikuwa na kufuli ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uliko, wamelivunja mwezi wa tatu. Kazi yangu ni kuzishusha, kuzitoa vumbi, kushona palipochanika, ziwekwe kwenye makabati ya vioo kabla ya ufunguzi wa tarehe 15.

Mlinzi wa mgodi hakuingia na sisi. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema "Shikamooni" akitazama juu. Akaenda zake.

Jumanne, 4 Juni

Namba 4 ndiyo ya kwanza. Mlinzi alikata kufuli kwa msumeno, akatoka kama aliyeunguzwa. Nikaachia mnyororo polepole. Uzito haukuwa wa koti. Nimeshika majora mazima ya kitambaa maisha yangu yote, najua koti lina uzito gani. Hili lilinivuta mpaka visigino vikainuka. Kapi la mnyororo limeshika kutu, nikajiambia. Lilipofika chini — koti tu. Jepesi.

Sisi mafundi tunasoma miili. Namba 4: bega la kushoto limeshuka, mwili mwembamba, amepunguza suruali yeye mwenyewe kwa mkono, mishono ya kiume, mikubwa kama ngazi. Namba 9: mnene, anavunja vifungo. Namba 12 kijana kabisa, pindo la suruali limeshushwa mara mbili — alikuwa bado anarefuka.

Hakuna aliyenicheka niliposema shikamooni. Hakukuwa na mtu.

Nilipoondoka niliziacha tatu zikining'inia usawa wa kifua changu, zinatazama mlangoni, kwenye mwanga.

Jumatano, 5 Juni

Zimegeuka. Zote tatu zimegeukia ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule ni shimo.

Nimezigeuza. Nikaenda kunywa chai na mlinzi. Kurudi — ukutani tena. Kama wanafunzi walioadhibiwa.

Mhifadhi ana maelezo. Chini ya sakafu kuna njia ya upepo, hewa inatoka shimoni, inasukuma nguo. Sayansi tu. Nikamuuliza: shimo si limezibwa kwa zege? Akasema tuendelee na kazi.

Mifukoni: kitana. Miwani yenye jicho moja. Funguo za nyumba, mafungu manne. Chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, haijafunguliwa. Namba 17, mfuko wa ndani wa koti — kiatu kimoja cha mtoto, kidogo hivi, kisigino kimegongwa misumari mipya. Alikipeleka kwa fundi viatu akaambiwa akichukue, akapitia kazini. Kitu kama hicho.

Mtu gani anahama mji anaacha funguo za nyumba yake?

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya kosa. Au sijui kama ni kosa.

Nilipitia kwa Mama Pasi kuchukua zile sketi za sare. Tangu nifungue duka ndiye anayenipigia pasi kila ninachoshona. Mama mtu mzima, mikono ya chuma, hajawahi kuniunguzia hata leso. Watu wa hapa wanampa nguo zao lakini hawamwaliki kwenye shughuli zao. Nilipokuja mgeni niliuliza, wifi yangu akaninong'oneza: mke wa mwizi. Mumewe alikuwa mmoja wa Wezi wa Fedha. Hadithi hiyo hapa kila mtu anaijua: mwaka mgodi ulipofungwa, kundi la wachimbaji liliiba vipande vya fedha likatoroka navyo, likaacha wake na watoto. Familia zao zikatolewa kwenye nyumba za kampuni, vyombo vikatupwa nje. Watoto wao mpaka leo wanatafuta kazi miji mingine.

Basi nikawa napiga soga, mdomo wangu huu. Nikamweleza habari za Nguoni, minyororo, nguo zilizobaki juu. Mama Pasi ananyoosha kola, ananisikiliza, anatabasamu kidogo. Akauliza, kama anauliza bei ya nyanya:

"Ziko ngapi, mwanangu?"

"Kumi na moja."

Pasi ikasimama. Nikaona moshi. Nikapiga kelele — Mama, shati! Hakusikia. Shati likatoboka kola nzima. Baadaye akainua pasi, akaiweka pembeni, akalikunja vizuri lile shati lililoungua, pindo kwa pindo, kama bado linafaa.

"Walikuwa kumi na mmoja," akasema. "Wetu."

Mimi sikuwahi kujua idadi. Miaka kumi na tisa! Tunasema Wezi, Wezi, hakuna aliyewahi kuwahesabu mbele yangu.

Hakuniuliza kitu kingine. Nami sikumwambia habari ya kiatu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshusha zilizobaki. Zote kumi na moja ziko chini sasa.

Kola ya namba 17 ina unyevu. Ya 17 tu. Nimeipangusa, nimeianika juani saa mbili, imekauka kabisa. Nimerudi nayo ndani. Mchana ina unyevu tena. Unyevu ule wa shingo ya mtu aliyetoka kazini.

Leo nimefunga mapema.

Jumapili, 9 Juni

Nyumbani. Nimelala mpaka saa tatu, nimefua, nimepumzisha macho.

Mume wangu yuko juu juu kwa furaha. Kamati ya ufunguzi imeamua utepe ukatwe na Baba — yaani baba mkwe wangu, karani wa mahudhurio wa mgodi, mfanyakazi mzee kuliko wote waliobaki hai. Mji mzima unamwita Saa Kamili, kwa sababu enzi zake ukichelewa dakika moja alikuandika umechelewa dakika moja, hata uwe mjomba wake. Mume wangu ameandika hotuba kurasa tano. Ananisomea nikikanda unga. Uaminifu, nidhamu, kizazi kile. Nikamwambia ukurasa wa pili nimelala. Akanirushia taulo.

Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Nilidhani atafurahi. Akasema tu, "Nguo zile bado zipo?" Nikasema zipo, Baba, nimezishona vizuri. Akasema, "Wewe mkono wako mzuri." Akageukia dirisha.

Nampenda mzee huyu. Niandike hapa, maana sijui kesho nitaandika nini. Nilipopoteza ile mimba ni yeye aliyekaa nami, siyo mume wangu aliyeshindwa hata kuingia chumbani. Alinisomea gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo, halafu akashtuka akaomba radhi, tukacheka wote wawili huku nalia.

Nyumba hii nayo ilikuwa ya kampuni. Ni hii moja tu ambayo haikuchukuliwa mgodi ulipofungwa. Nimepasua vitunguu jikoni humu miaka yote hii, na leo ndiyo kwanza nimejiuliza kwa nini.

Jumatatu, 10 Juni

Mhifadhi amepata daftari la mahudhurio la mwaka ule wa mwisho. Lilikuwa kwenye sanduku la vyeti makao makuu. Aliniita ofisi ya karani tulitazame pamoja, ili kila nguo ipate jina. Vumbi, harufu ya panya. Ukurasa umegawanywa: namba, jina, kuingia, kutoka. Aliyeingia anabonyeza dole gumba la wino. Aliyetoka anabonyeza tena.

Siku ya mwisho. 4, 9, 12, 17 — wote kumi na mmoja wameingia. Wote kumi na mmoja wametoka. Dole gumba lipo. Mhifadhi akashusha pumzi: "Basi walitoka. Waliacha nguo wakakimbia na ovaroli." Akaanza kuandika kibandiko. *Nguo zilizoachwa na watuhumiwa wa wizi.*

Lakini mimi kazi yangu ni kulinganisha. Maua ya kitambaa yakutane kwenye mshono, mstari ukae na mstari. Jicho haliachi. Nikatazama madole ya kuingia: kila moja la mtu wake, pana, jembamba, lililokatika ncha. Nikatazama madole ya kutoka. Kumi na moja. Moja. Dole lile lile, mara kumi na moja, na kovu limelipasua kwa mshazari kutoka ukucha mpaka chini.

Sikusema. Nilisema kichwa kinauma. Kweli kilikuwa kinauma.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi nilimpa Baba chai. Akapokea kikombe kwa mikono miwili kama kawaida yake. Nikatazama dole gumba la kulia.

Kovu hilo alilipata kwa rula ya chuma kabla mume wangu hajazaliwa. Amenisimulia mwenyewe, akicheka.

Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake. Nikasema, "Baba, nimeona daftari."

Hakuuliza daftari gani. Chai ilianza kumwagika, kidogo kidogo, kwenye goti lake. Ya moto. Hakusogea. Nikamchukulia kikombe.

Nguoni sijakwenda leo.

Jumatano, 12 Juni

Baba hajala. Hajasema. Mume wangu anadhani ni malaria, ameleta vidonge.

Nimekwenda kazini saa moja tu. Zinatazama ukutani. Sizigeuzi tena.

Alhamisi, 13 Juni

Amesema.

Mume wangu alikuwa shuleni. Baba aliniita, akaniomba nifunge mlango wa mbele, nikae kwenye kiti, siyo sakafuni. Nitaandika kama alivyosema nisije nikabadilisha.

Ilikuwa mchana. Aliitwa na meneja. Akaambiwa ngazi ya chini imeporomoka, walikuwa wanachimba mahali ambapo hapakuruhusiwa kuchimbwa, nguzo hazikuwepo. Watu kumi na mmoja. Wamekufa wote, palepale, hakuna cha kufanya. Na mgodi unauzwa wiki ile. Wanunuzi wakisikia, hawanunui, uchunguzi unakuja, watu mia tatu wanakosa kazi. Wafu hawatarudi kwa sababu ya daftari. Andika wametoka. Baba alikuwa na mtoto wa miaka mitatu ndani na mke mjamzito.

"Nikabonyeza," akasema. "Wa kwanza mkono ulitetemeka. Kufika wa tano ulikuwa umezoea. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, mwanangu. Kwamba ulizoea."

Siku kumi baadaye kipaza sauti cha kampuni kikapita mitaani: wezi, wametoroka na fedha, yeyote anayejua walipo. Baba alikuwa barabarani. Alisikia yote.

"Mimi sikusema wezi," akasema. "Mimi nilisema wametoka."

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Lakini ndivyo walivyogeuzwa wezi."

Sijui nilipata wapi ubavu. Akatikisa kichwa, akakubali.

Mgodi wenyewe haukununuliwa na mtu. Wakubwa wa kampuni wakamwaga zege, wakaondoka. Walimwagiza achome zile nguo. Akachoma magunia ya zamani mbele ya meneja, moshi ukaonekana. Nguoni akaweka kufuli lake mwenyewe. Halafu, mbele yangu, akafungua kopo la dawa ya viatu, akatoa ufunguo uliofungwa kwa kitambaa, akaniwekea mkononi. Kwa nini hakuzichoma? Nilimuuliza.

"Zilikuwa bado na joto," akasema.

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya. Nafupisha.

Mume wangu amejua. Baba alimwambia mwenyewe wakati wa chai ya asubuhi, sentensi tatu. Mume wangu alisimama, akaenda uani, akakaa huko. Aliporudi sura ilikuwa ya mtu mwingine. Alisema tusubiri ufunguzi upite. Wageni wako njiani. Baba ana miaka themanini na nne, tunataka afungwe? Halafu akanigeukia mimi: "Katika nyumba hii umekula, umelala, umeshonea nguo za watu. Sasa unataka kuibomoa kwa mdomo."

Nikamjibu sikuijenga mimi kwa mdomo. Hatujawahi kuongea hivyo. Miaka kumi na tisa.

Nikaenda mgodini na ule ufunguo. Nikamwambia mhifadhi yote, nikamwonyesha madole. Alikaa chini kwenye sakafu ya ofisi na suruali yake safi. Akasema, polepole, kwamba ameandika kurasa arobaini juu ya umuhimu wa mahali hapa — reli, umeme, sarafu — na umuhimu wenyewe ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa chake. Halafu akaanza: lazima apige simu juu, lazima barua, lazima kibali, kesho haiwezekani. Mdomo unasema haiwezekani na mkono unakichana kile kibandiko vipande vipande. Nampenda bado. Lakini na yeye ana wakubwa wake.

Makabati ya vioo yamefika. Mazuri, yana taa ndani. Sikuweka kitu. Nilizirudisha nguo kwenye ndoano, moja moja, nikavuta minyororo. Mlinzi alinisaidia. Mara ya kwanza ameingia akakaa. Nikamuuliza kwa nini siku zote anawaamkia. Akasema baba yake naye alikuwa mlinzi hapa, alimfundisha hivyo, na alipomuuliza ni akina nani aliambiwa, "Wanaosubiri zamu yao kuisha."

Namba 17 ilipanda nyepesi. Kola ilikuwa kavu.

Jioni Baba alimtuma mlinzi ujumbe. Hakuniambia ni kwa nani.

Jumamosi, 15 Juni

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji.

Gari la kamati liko nje. Dereva amepiga honi mara mbili. Mume wangu amevaa suti, hotuba iko mfukoni, hajui aende au avue. Baba amekataa suti. Amevaa shati la kawaida, amekaa sebuleni, ameomba kiti cha pili kiwekwe mkabala na chake.

Kwa hiyo nilijua. Na kweli, mlango ukabishwa. Mama Pasi.

Gauni la bluu, limenyooshwa likawa kama karatasi. Hakuwahi kuingia nyumba hii. Nilimwamkia. Akanishika shavu kwa ule mkono wake mgumu, akapita. Mume wangu alimpisha mlangoni — alijibana ukutani kabisa.

Mlango wa jikoni uko wazi kidogo. Nawaona wote watatu.

Baba alijaribu kusimama. Mama Pasi akamwambia kaa. Baba akamwambia yote, kama alivyoniambia mimi, hakupunguza. Meneja, daftari, dole gumba. Waliporomokewa, wakafa wote palepale, yeye akaandika wametoka. Akasema, "Sikuombi unisamehe. Nimekuita ujue kwamba mumeo hakuiba."

Mama Pasi akasema, "Hilo nilikuwa nalijua."

Honi tena.

Halafu akaongea, sauti ile ile anayotumia kuuliza kama nataka sketi zikunjwe au zitundikwe. Akasema baada ya siku ile, wanawake walikwenda kwenye uzio wa mgodi kila asubuhi kuulizia waume zao. Wakikaa chini, walisikia mlio kutoka ardhini. Mlio wa kitu kinagonga bomba. Unagonga, unapumzika, unagonga. Wakauliza. Wakaambiwa ni pampu za maji. Akasema yeye alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa akisikia ule mlio anacheza.

"Wewe ulikuwa ofisini," akamwambia Baba. "Ofisi yako iko jirani na nyumba ya pampu. Zile pampu zilikuwa zinafanya kazi?"

Mume wangu amesema, "Mama, tafadhali, mzee anaumwa." Hakuna aliyemgeukia.

"Zilizimwa siku ile ile," amesema Baba.

Nimeshika friji. Siku zote hizi mbili nimejiambia: alidhani wamekufa. Alidanganywa, alidhani wamekufa wote.

Mama Pasi anaitikia kwa kichwa, polepole. Hashangai. Anauliza mlio ulikoma siku gani, maana wao walifukuzwa na askari pale uzioni siku ya tatu, yeye hakusikia mwisho wake.

Baba amefumba macho.

"Basi nitakusaidia," anasema Mama Pasi. Amesogeza kiti. Magoti yao yanakaribia kugusana. "Mimi nahesabu. Nikifika, unanizuia."

Dereva anabisha mlango wa mbele. Mume wangu haendi kufungua.

"Tatu," anasema Mama Pasi.

"Nne."

Baba hamzuii.

"Tano."

"Sita."